Karatasi Hufuata Mtawala: Kutafuta Rekodi za Serikali Kutoka Kahawa Sukari

Anayetaka kujua historia ya kiwanja kimoja pale Kahawa Sukari asianze kwa kuuliza hati iko wapi. Aulize kwanza: mwaka ninaoutafuta, eneo hili lilikuwa chini ya nani? Mtaa wenyewe uko kando ya barabara ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika wadi inayobeba jina lake ndani ya eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kahawa Wendani nayo ni Kiambu. Kahawa West, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ni Nairobi. Na huo ndio mgawanyo wa leo tu. Katika zaidi ya miaka mia moja na ishirini, ardhi hii imewahi kuripotiwa kwa wakubwa wa Ukamba, wa Kikuyu, wa Mkoa wa Kati, wa Thika, wa Kiambu na wa Ruiru, na kila mkubwa alipokabidhi madaraka, majalada yake yalihama, yaligawanywa, yalichomwa au yaliachwa chumbani yakaliwa na mchwa.

Wananchi wengi wanapokosa karatasi husema serikali imeficha. Mara nyingine imeficha kweli, na hapa chini tutaona ilivyofanya hivyo kwa makusudi na kwa amri ya maandishi. Lakini kwa sehemu kubwa rekodi za ukanda huu zimepotea njiani tu, zikimfuata mtawala. Mtu asiyejua historia ya utawala atazunguka ofisi hadi achoke, ilhali anachokitafuta kimekaa rafuni mahali ambapo hakuna aliyefikiria kumwelekeza.

Himaya ya Uingereza katika Afrika Mashariki ilitangazwa tarehe 15 Juni 1895. Katika miaka ya mwanzo Kiambu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Ukamba, jambo linalomshangaza kila mwanafunzi anayefungua majalada kwa mara ya kwanza akitafuta Wakikuyu na kuwakuta wamefungwa pamoja na Machakos. Baadaye Kiambu ikapelekwa Mkoa wa Kikuyu, na katika miaka ya 1930 ukazaliwa Mkoa wa Kati. Upande wa mashariki, walikokaa walowezi, Thika nayo ikawa na utawala wake na barua zake. Kwa hiyo bwana shamba mmoja wa Kizungu kati ya Kahawa na Ruiru anaweza kutokea katika majalada ya ofisi tatu tofauti, huku vibarua wake wakitokea katika ya nne, au wasitokee kabisa.

Walowezi waliletwa na sheria na reli. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilimpa kamishna wa himaya uwezo wa kuuza na kukodisha ardhi iliyohesabiwa kuwa ya Mfalme. Ile ya 1915 ikarefusha ukodishaji wa mashamba kutoka miaka 99 hadi 999. Katikati ya sheria hizo mbili, mwaka 1913, njia ya reli kutoka Nairobi ilifika Thika, ikapita Kahawa na Ruiru, na kahawa na mkonge vikapata njia ya kufika pwani. Kila shamba lilipimwa, likapewa namba ya L.R., likaingizwa katika madaftari yaliyotunzwa Nairobi, kwanza chini ya sheria hiyo ya ardhi ya Taji, kisha chini ya Sheria ya Usajili wa Hati ya 1919. Madaftari hayo yaliandikwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani yake kuna jina la mmiliki, ekari, rehani, jina la benki, jina la mrithi. Leo mtu anaweza kufuatilia shamba la mlowezi wa 1920 hatua kwa hatua kuliko anavyoweza kumfuatilia babu yake mwenyewe aliyelilima.

Babu huyo karatasi yake ilikuwa nyingine. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi akapewa kipande. Kilikaa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kiliandikwa jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, siku ya kuanza kazi, siku ya kuachishwa na mshahara. Nakala ya usajili ilibaki kwa Msajili Mkuu wa Wenyeji huko Nairobi, ili aliyetoroka shamba asakwe. Mfumo huo uliondolewa mwaka 1947 baada ya miaka mingi ya malalamiko. Tazama basi hali ya vizazi vilivyofuata: kuzaliwa kwa Mwafrika hakukulazimika kuandikwa popote kwa miongo mingi ya ukoloni, na usajili wa lazima ulienea nchi nzima baada ya uhuru tu. Serikali ilijua vidole vya mtu na siku aliyotoroka kazi, lakini haikujua siku aliyozaliwa. Ndiyo maana wazee wengi wa Ruiru na Thika wana mwaka wa kukadiria katika vitambulisho vyao, na ndiyo maana kesi za urithi hukwama kwenye cheti cha kifo cha mtu ambaye, kwa karatasi, hakuwahi kuzaliwa.

Pengo hilo kati ya aliyeandikwa na asiyeandikwa lilionekana wazi mwaka 1932, serikali ya Uingereza ilipounda Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza madai, na koo za Kikuyu za Kiambu zikajitokeza mbari kwa mbari kueleza ardhi iliyochukuliwa. Hazikuwa na hati. Zilikuwa na majina ya mababu, mipaka ya mito na miti, na makaburi. Husimuliwa hadi leo kwamba Chifu Koinange wa Mbiyu, alipotakiwa kuthibitisha kwamba shamba la kahawa lililokuwa mikononi mwa mlowezi lilikuwa la ukoo wake, alifukua mifupa ya babu yake aliyezikwa humo. Mbele ya makamishna waliozoea rejista, mifupa haikutosha. Lakini hapa ndipo penye kejeli ya historia: ushahidi ule wa mdomo ulipigwa chapa pamoja na ripoti ya 1934, katika juzuu tatu nene za shahada na maandiko, na leo juzuu hizo ni miongoni mwa rekodi za serikali zenye thamani kubwa kwa yeyote anayeandika historia ya koo za Kiambu. Wazee walionyimwa ardhi kwa kukosa karatasi walituachia karatasi kwa kulalamika. Familia inayotafuta asili yake upande huu ianzie kwa Carter kabla haijaenda kwa msajili wa ardhi.

Baada ya Carter, kuna chapisho moja ninaloliona kuwa hazina iliyo wazi kuliko zote na inayosomwa kidogo kuliko zote, nalo ni Gazeti Rasmi la Serikali. Lilianza kutolewa tarehe 1 Novemba 1899 na halijakoma. Mpiga Chapa wa Serikali hulitoa kila wiki, kwa kawaida Ijumaa, na matoleo yake ya zaidi ya karne yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, katika maktaba ya vitabu ya Google na katika hifadhi ya Baraza la Kitaifa la Taarifa za Sheria. Humo mna kila kitu ambacho sheria inalazimisha kitangazwe: uteuzi wa maafisa, mipaka mipya, ardhi inayotwaliwa kwa barabara, mtu aliyebadili jina, hatimiliki iliyopotea, mirathi. Ukiona tangazo kwamba hati ya kiwanja imepotea, una siku 60 za kupinga kabla msajili hajatoa hati mpya. Tangazo la mirathi lina siku 30. Watu wamepoteza mashamba kwa sababu mjomba alitangaza mirathi Ijumaa moja na hakuna mpwa aliyesoma. Mwenye subira atapata ndani ya Gazeti hilo pia orodha za wapiga kura wa Kizungu wa miaka ya mwanzo, leseni na matangazo ya mahakama. Aandike jina la mtaa au namba ya L.R. katika kisanduku cha kutafutia, na ajaribu tahajia zote, kwa maana makarani wa Kizungu waliandika majina ya Kikuyu walivyoyasikia.

Gazeti halikuweza kupotea kwa kuwa lilichapwa nakala nyingi na kusambazwa. Majalada ya ofisini hayakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1939 moto uliunguza Sekretarieti jijini Nairobi, makao makuu ya serikali ya kikoloni, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya miaka ya kwanza ikateketea. Mtafiti wa leo hulizunguka pengo hilo kwa kutumia nakala zilizopelekwa London, kwenye fungu la CO 533 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, au nakala zilizobaki wilayani, maana mkuu wa wilaya aliweka nakala ya kila alichomwandikia mkubwa wake. Kwa ajili hiyo ripoti za mwaka za wilaya, ambazo ziliandikwa kwa haraka na mara nyingi kwa dharau, zimekuwa na uzito ambao waandishi wake hawakuutarajia.

Moto wa 1939 ulikuwa ajali. Uliofuata haukuwa ajali. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kwa zaidi ya miaka saba serikali iliandika mno: kuhusu vizuizi, kuhojiwa, vijiji vya kulazimishwa, watu waliohamishwa. Uhuru ulipokaribia, mwaka 1961, Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe karatasi zitakazoiaibisha Uingereza, zitakazowadhuru watu waliotoa habari kwa polisi, au zitakazofichua siri za ujasusi. Majalada yakagawanywa makundi mawili. La kwanza lingeachiwa warithi. La pili lilipigwa muhuri wenye neno la tahadhari, na ni maafisa Waingereza tu walioruhusiwa kuligusa. Maelekezo yalikuwa ya kina cha kutisha: karatasi zichomwe hadi ziwe jivu na jivu lenyewe lisagwe, au zifungwe ndani ya makasha yenye uzito na kuzamishwa katika maji ya kina yasiyo na mkondo, mbali na ufuo. Yaliyohesabiwa kuwa ya thamani kiasi cha kutochomwa yalipakiwa ndegeni. Karibu majalada 1,500 ya Kenya yaliondoka hivyo katika siku za mwisho za 1963.

Serikali ya Kenya iliyadai tangu miaka ya 1960 na ikajibiwa kwa ukimya wa kidiplomasia. Yalikaa Hanslope Park, jumba la Wizara ya Mambo ya Nje lenye ulinzi mkali, pamoja na mengine kutoka makoloni 37, jumla yakiwa takriban 8,800. Iliyoyafichua ni mahakama. Wazee Wakenya, miongoni mwao Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, waliishtaki Uingereza jijini London kwa mateso waliyofanyiwa vizuizini. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi kwamba kuna majalada yasiyoonekana mahali yanapopaswa kuwa. Mwaka 2011 Wizara ikakiri kuwa nayo. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na majalada yenyewe yakafunguliwa Kew kwa jina la FCO 141. Mkazi wa Ruiru anayetaka kuyasoma asilia bado anahitaji viza. Wala asisahau jeshi. Kambi ya Templer, iliyojengwa na Waingereza ukingoni mwa ukoloni, ilikabidhiwa Kenya na mwaka 1965 ikawa Chuo cha Kenyatta, ambacho leo ni kile chuo kikuu kilicho jirani na Kahawa Sukari. Lakini karatasi za jeshi la Uingereza zilirudi na jeshi lenyewe, na zilizohifadhiwa ziko Kew katika mafungu ya Wizara ya Vita.

Kilichoachwa nyuma kilipata sheria mwaka 1965, Bunge lilipopitisha Sheria ya Nyaraka za Umma iliyounda Makavazi ya Taifa. Mwanzoni majalada yalirundikwa katika chumba cha chini cha Jumba la Jogoo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yalihamia jengo zuri la mawe la benki ya zamani kwenye Barabara ya Moi, pale ambapo kila mtu jijini humwambia mwenzake wakutane. Ghorofa ya chini ina mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, ambao serikali iliununua pamoja na vitabu vyake. Wapitao hudhani jengo zima ni makumbusho. Chumba cha kusomea kiko juu. Anayeingia hulipa ada ndogo, hupewa kadi, hutafuta katika orodha za mafungu, hujaza fomu na kusubiri jalada liletwe. Karatasi za mkuu wa wilaya ya Kiambu zina alama ya DC/KBU, na ripoti nyingi za wilaya na mikoa zipo pia kwenye maikrofilamu zilizotengenezwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani, kiasi kwamba kuna wanafunzi wa New York waliosoma habari za Kiambu kabla ya wanafunzi wa Kiambu. Kanuni ya msingi ni miaka 30: jalada likifikisha umri huo hufunguliwa kwa umma, isipokuwa lina sababu maalumu ya kufungwa. Wasimamizi wa chumba hicho, kwa jinsi ninavyowafahamu, ndio katalogi halisi. Orodha zilizochapwa husema kidogo. Mzee aliyebeba mafaili kwa miongo mitatu husema mengi, mradi umfikie kwa heshima na usimharakishe.

Wakati Makavazi yakijipanga, mashamba ya walowezi kando ya barabara ya Thika yalikuwa yakibadili mikono, na hapo aina mpya kabisa ya rekodi ikazaliwa. Kampuni za kununua ardhi zilikusanya fedha za watu wadogo, hisa kwa hisa, zikanunua mashamba mazima na kuyakata ploti. Kampuni kama Githunguri Constituency Ranching iliacha alama hata katika namba za viwanja: hati ikisomeka Ruiru/Kiu Block 2 (Githunguri), ujue ardhi hiyo ilipitia kwa wanahisa. Hapo rejista ya serikali huanzia mwisho wa hadithi. Mwanzo wake uko katika daftari la wanachama, cheti cha hisa, risiti ya kupimiwa na karatasi ya kura iliyomgawia mtu namba ya ploti, vyote vikiwa vya kampuni binafsi ambayo huenda wakurugenzi wake wamekufa, wametengana makundi mawili, au wanashtakiana. Serikali ilijaribu kuzivunja kampuni hizi katika miaka ya 1980 na kuwapa wanahisa hati zao. Kesi bado zinaendelea katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Thika. Msomaji anayetaka kuelewa ploti za Ruiru atafaidika zaidi kusoma hukumu hizo, zinazopatikana bila malipo katika hifadhi ya Baraza la Taarifa za Sheria, kuliko kusoma kitabu chochote. Majaji hulazimika kusimulia historia ya shamba tangu mlowezi hadi mwanahisa ili waamue nani mwongo. Hakuna mwanahistoria anayelipwa kufanya kazi hiyo kwa makini kiasi hicho.

Na hapo ndipo penye tofauti ambayo wanunuzi wa viwanja hawaambiwi. Upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi, ambao sheria ya 2012 inampa yeyote haki ya kuupata, humwambia mtu mmiliki wa leo na mizigo iliyoko juu ya hati leo. Haumwambii ardhi ilisafiri vipi. Anayetaka safari aombe nakala zilizothibitishwa za kadi ya kijani au rejista nzima, aombe hati za uhamisho zilizomo ndani ya jalada la kiwanja, kisha aende Survey of Kenya huko Ruaraka, kwenye barabara hiyo hiyo ya Thika, akatazame ramani ya upimaji na mgawanyo. Ramani ikipingana na rejista, asinunue. Ripoti ya tume ya Paul Ndung'u, iliyokabidhiwa Rais Mwai Kibaki mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa makumi ya maelfu ya hati ambazo kila moja ilikuwa na muhuri halali. Karatasi safi ilikuwa ndiyo chombo cha wizi.

Tangu hapo tiba imekuwa kompyuta. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 27 Aprili 2021, ukianza na Nairobi. Sambamba nao kulikuja kazi ya kubadili namba za zamani za L.R. ziwe namba mpya chini ya sheria moja, orodha zikichapwa katika Gazeti Rasmi. Kazi hiyo ilihitajika. Lakini kwa mtafiti wa kesho ni mto mwingine wa kuvuka: hati ya 1920 ina namba moja, ya 2025 ina nyingine, na kiungo pekee kati yake ni orodha iliyochapwa wiki fulani. Mwenye kiwanja na aikate orodha hiyo aitunze na hati yake.

Sheria inayomlinda mwombaji ilichelewa. Uswidi ilikuwa na yake tangu 1766. Katika ukanda wetu Uganda ilitangulia mwaka 2005. Kenya iliendelea kutawaliwa na Sheria ya Siri za Serikali ya 1968, ambayo ilimfanya karani aone usalama wake uko katika kukataa, hadi Katiba ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia kudai habari za uongo kumhusu zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Upataji Habari, namba 31 ya 2016, ndiyo iliyoweka taratibu, mwaka huo huo ambao Tanzania nayo ilitunga ya kwake.

Taratibu zenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme, na afisa anawajibika kuliandika na kumpa nakala. Hakuna haja ya kueleza unataka habari za nini. Kuomba hakulipiwi, gharama ni ya kunakili tu, na isizidi gharama halisi. Jibu litoke ndani ya siku 21, na endapo maisha au uhuru wa mtu uko hatarini, ndani ya saa 48. Ombi likifika ofisi isiyohusika, ofisi hiyo inapaswa kulipeleka panapohusika ndani ya siku 5, kifungu ambacho kwa maoni yangu ndicho cha maana kuliko vyote kwa mkazi wa Kahawa Sukari, kwa kuwa kinamtwika karani mzigo wa kujua karatasi ilihamia wapi. Mwombaji akinyimwa, ana siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Kuna habari zinazoweza kuzuiliwa, za usalama wa taifa, faragha na biashara miongoni mwa nyingine, lakini zikishakaa zaidi ya miaka 30 ni juu ya ofisi kuthibitisha kwamba bado zastahili kufungwa.

Mahakama zimeipa sheria hiyo meno, ingawa si kila siku. Mwezi Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru serikali itoe mikataba ya reli ya kisasa, SGR, iliyokuwa imefichwa kwa kisingizio cha masharti ya mkopeshaji, na Novemba mwaka huo Waziri Kipchumba Murkomen akatoa baadhi yake. Reli ya 1913 iliyopita Kahawa haikuhitaji kesi: mjadala wake umo katika kumbukumbu za Baraza la Kutunga Sheria na katika majalada ya Kew, na yeyote anaweza kuusoma.

Ugatuzi nao ulileta mhamo wake. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulizifuta serikali za mitaa. Baraza la Manispaa ya Ruiru, lililokuwa likiidhinisha ramani za majengo na kutoza kodi za viwanja katika mitaa hii, liliacha makabati ambayo yaliingia mikononi mwa Kaunti ya Kiambu, wakati makabati ya mkuu wa wilaya yalibaki kwa serikali kuu, kwa afisa ambaye sasa anaitwa naibu kamishna wa kaunti. Karatasi za nyumba moja zikagawanyika: ramani ya jengo na malipo ya kodi kwa kaunti, hati kwa Wizara ya Ardhi, kesi ya mpaka wa jirani kwa chifu. Anayeomba kwa kaunti atumie pia kifungu cha 96 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na ataje mwaka wa karatasi anayoitafuta, ili afisa ajue anatafuta kabati la manispaa au la kaunti.

Mgawanyo mwingine uko njiani. Wadi ya Kahawa Sukari, kama nyingine zote nchini, ipo kwa nguvu ya amri ya mipaka iliyochapwa Machi 2012. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo ulikwisha Machi 2024 bila kazi kufanyika, kwa kuwa Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna, hadi walipoapishwa wapya Julai 2025. Sensa ya 2019 iliupata mji wa Ruiru ukiwa na watu 490,120, idadi ambayo haitaacha wadi zake zilivyo. Mipaka mipya ikitangazwa itasomeka ndani ya Gazeti Rasmi, na siku hiyo hiyo itakuwa vyema mtu apite ofisi ya wadi kuuliza majalada ya zamani yanapelekwa wapi, na nani ametia sahihi kuyapokea.